Tupeane uzoefu: uliwahi kuogopa kona baada ya kuanguka? Uoga ulikutokaje?

Kijana wa Uyole (mleta mada)
Wakuu, heshima mbele. Napanda pikipiki, Boxer 150, mwaka wa sita huu, si bodaboda, ni ya kazini na shambani. Novemba iliyopita nilianguka barabara ya Tukuyu, kona ya kulia ukiwa unashuka kuelekea Kiwira. Mvua ilikuwa ndiyo kwanza inadondoka, Fuso la viazi limeshaacha matope ya shamba juu ya lami, nami nikabana breki ya mbele huku pikipiki imelala. Kufumba na kufumbua niko chini, chombo kinaserereka mbele yangu kikitoa cheche.

Kiwiko kimepona, handeli nimenyoosha. Kichwa ndicho hakijapona. Kona za kushoto napita kama zamani. Za kulia naganda: mabega yanapanda, mikono inakaza, naishia kilomita 20 kwa saa huku Noah zinanipigia honi. Walioanguka wakarudi, mlifanyaje? Tafadhali msiniambie nijikaze, nimeshajikaza miezi mitatu.

Mstaafu wa Kitonga
Kamwene mdogo wangu. Nimebeba abiria Ilula hadi Ruaha Mbuyuni miaka tisa, mlima wa Kitonga na kona zake naujua kwa harufu. Nasema harufu kweli: malori yaliyojaza tenki hadi mdomoni hutema dizeli kwenye kona, na mara nyingi pua inapata habari kabla ya macho. Ukiona lami inang'aa rangi rangi kama mafuta ya samaki, hapo usibane breki, usivute mafuta ghafla, ila inyooshe pikipiki iwe wima kadiri unavyoweza na upite.

Na mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu oili na vumbi la miezi vinaelea juu pamoja. Ikinyesha kwa nguvu nusu saa, lami inaoshwa na mshiko unarudi kiasi. Mimi mvua ya kwanza nilikuwa nakunywa chai kibandani. Abiria wenye haraka niliwaambia watafute kijana mwingine.

Roho Ngumu
Kona ni roho tu. Ukiogopa uza pikipiki ununue baiskeli.

Mstaafu wa Kitonga
@Roho Ngumu, wenye roho hiyo nimewasaidia kubeba kuwatoa korongoni. Kaa kimya wenzio waongee.

Ticha wa Mafinga
Nami nilianguka, 2019, kwa sababu ya kijinga zaidi: nilikuwa nalitazama shimo. Macho yakiganda kwenye kitu, mikono inakifuata. Lakini kilichoniponya ni hesabu zangu za darasani. Chukua kona yenye nusu kipenyo cha mita 30. Kwa kilomita 36 kwa saa pikipiki inataka kulala digrii 19 hivi tu. Ukiingia na 54, inataka digrii 37. Mwendo umeongezeka nusu, lakini nguvu inayotakiwa kwenye tairi imezidi mara mbili. Ndiyo maana kona ile ile jana ilikuwa rafiki na leo imekutupa.

Tairi lina debe moja la mshiko. Breki inachota humo, kukata kona kunachota humo humo. Wewe ulichota kwa mikono miwili, na tope lilikuwa limeshapunguza debe lenyewe. Maliza kupunguza mwendo wakati pikipiki bado wima, halafu ndipo uilaze.

Mama Parachichi
Njombe hapa. Wanaume mnaongea kama mnapanda peke yenu. Mimi nabeba kreti za parachichi na mdogo wangu juu yake. Mzigo ukikaa nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, handeli inaelea, na stendi inakwaruza lami mapema. Abiria naye anajipinda upande wa pili kwa woga! Namwambia kabla hatujaondoka: tazama juu ya bega langu, kona ya kulia bega la kulia. Mshikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, sipakii kabisa.

Mzamiaji Mstaafu
Niliishi Johannesburg miaka minne, nikapelekwa na bosi kufanya mazoezi ya pikipiki uwanja wa mbio wa Kyalami. Nilidhani wanafundisha kasi. Siku nzima mwalimu alinikataza kukimbia! Alitaka nishike handeli kama umeshika kifaranga, viwiko vining'inie, nibane tenki kwa mapaja. Ukikaza mikono, tairi la mbele linaongea lakini husikii. Ukilegeza, unahisi linapoanza kusogea kabla halijakuacha. Na ukitaka kulia, unasukuma mkono wa kulia mbele kidogo, pikipiki inalala yenyewe kulia. Tunafanya hivyo wote bila kujijua, ila ukijua unaweza kuifanya polepole.

Raha ya uwanjani ni kurudia kona moja mara ishirini, lami ile ile, hakuna anayekuja mbele. Barabara ya Tukuyu siyo hivyo. Hapo uache nafasi, maana kuna Coaster inayokuja na nusu ya njia yako.

Fundi Mwanjelwa
Mleta mada, swali. Unasema handeli ulinyoosha. Shokapu za mbele ulizikagua? Nenda sehemu tambarare, simama mbele ya pikipiki, tazama kama gurudumu linanyooka na handeli. Pia angalia tairi na upepo.

Kijana wa Uyole
Fundi, nimerudi. Handeli ikiwa imenyooka, gurudumu linatazama kushoto! Nimepanda hivyo miezi mitatu, kila kona ya kulia chombo kinanivuta upande mwingine, nami najiita mwoga. Tairi la mbele nalo limepasuka pasuka ubavuni, na fundi wa pancha alikuwa amelijaza hadi gumu kama jiwe.

Fundi Mwanjelwa
Legeza boli za shokapu, zinyooshe, kaza tena. Kama chuma chenyewe kimepinda, badilisha, usinyooshe kwa nyundo.

Kijana wa Uyole
Mrejesho, wakuu. Hazikupinda, zilikuwa zimejisokota tu. Tairi jipya, upepo kwa kipimo. Jumapili mbili nimechora nane kwenye lami tupu kwa mwendo wa kutembea, kulia zaidi kuliko kushoto, handeli nimeishika kama kifaranga. Leo nimekwenda Kiwira kulikokuwa kukavu, nikaipita ile kona mara tatu. Mara ya kwanza mabega yalipanda. Ya pili nilikumbuka kushusha pumzi. Ya tatu nikatazama kule kona inakotokea, nikaona kibanda cha ndizi. Miaka sita napita hapo, sikuwahi kukiona. Nimenunua mkungu, mwenye kibanda anasema yuko pale tangu 2015.