Naomba ushauri: kozi ya mazoezi na uandishi kwa vijana
Habari zenu wakuu. Mimi ni mwalimu wa michezo, naishi Tandika. Naandaa kozi ya wiki 12 kwa vijana wa miaka 18 hadi 24 waliomaliza kidato cha nne: asubuhi mazoezi ya viungo, kisha saa nzima ya kuandika. Kila mmoja na daftari lake.

Upande wa mazoezi sina wasiwasi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na ya kuimarisha misuli siku mbili. Nimepanga humo humo. Joto la Dar mnalijua, kwa hiyo tunaanza saa kumi na mbili.

Kinachonitesa ni uandishi. Nilijaribu na vijana wanane, karibu wote wakaandika "nimekimbia, nimechoka", basi. Mmoja akisimulia kwa mdomo hutataka anyamaze, lakini akishika kalamu anaganda. Nikimsahihisha tahajia kwa wino mwekundu, kesho yake anaandika kifupi zaidi. Naumia, maana kitu anacho.

Walimu wa Kiswahili, na nyie mliowahi kuandaa mitaala: nianze na masimulizi, wajirekodi kwenye simu ndipo waandike? Sarufi niiingize wiki ya ngapi? Na mwishoni nipime nini hasa, maana urefu wa maandishi naona hautoshi? Mwenye mpangilio wa masomo aliokwisha kuutumia darasani, naomba anionyeshe hata wiki mbili za mwanzo.