Tableti zipo, lakini darasa la tatu wanabahatisha tu

Mwl_Kasulu: Walimu wenzangu, habari za kazi. Nina darasa la tatu, watoto 74, tableti sita na spika moja ya bluetooth. Intaneti hakuna, hivyo mazoezi ya kusikiliza hadithi natengeneza kwa H5P (mfumo wa mazoezi shirikishi) kupitia Lumi, programu ya kompyuta inayofanya kazi bila intaneti. Kwenye tableti wanapata karibu yote. Nikisoma hadithi kama hiyo bila picha, kimya. Tatizo liko wapi?

BintiUyui: Picha na kitufe cha kujaribu tena. Ukiuliza "Mvuvi alibeba nini?" na pembeni pana picha ya samaki, migebuka, masikio ya nini? Akikosa, anabofya jingine hadi lipatikane. Weka picha tatu zinazokaribiana: mvuvi na kapu moja, na makapu mawili, na kapu na kasia. Hapo lazima asikie "mawili". Kwenye mipangilio ya video shirikishi ya H5P (Interactive Video), zima kujaribu tena na uzuie kuruka mbele. Hadithi isizidi dakika moja, isimame kila sekunde 15 hadi 20. Swali litangulie sauti, ajue anategea sikio kitu gani. Likija mwisho unapima kumbukumbu.

Spika_na_Waya: Wengi hawaangalii chumba. Sakafu ya sementi na kuta tupu huleta mwangwi, na s, sh, f, th ndizo hupotea kwanza. Ukiongeza sauti hadi mwisho, spika inakwaruza na hali inazidi kuwa mbaya. Isogeze katikati ya darasa, usawa wa masikio yao wakiwa wamekaa. Mvua ikipiga bati, ahirisha, usishindane nayo. Ukirekodi kwa simu, iweke shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili p na b zisipulize. MP3 ya mono (mkondo mmoja wa sauti), kbps 64, inatosha kwa maneno: kama KB 480 kwa dakika.

Mwl_Kasulu: Asanteni. Na hao 74 kwa tableti sita?

BintiUyui: Usiwagawie. Moja iunganishe na spika, kila mtoto awe na kadi 1, 2 na 3, namba za zile picha tatu. Sauti ikisimama, wafumbe macho ndipo wainue kadi. Wasipofumba, darasa zima litamwiga yule anayejulikana ana akili. Wakikosa zaidi ya nusu, rudia kipande hicho tu, jibu usitaje. Tableti tano zilizobaki ni za waliokosa, wanne wanne, wakati wengine wanachora walichosikia.

Spika_na_Waya: Kwa hao wanne nunua waya wa kugawa hedifoni. Sauti itapungua kidogo, ni kawaida.