MREJESHO: Ile picha ya mto na daraja yenye jina la Canaletto

Wakuu, naleta mrejesho. Niliuliza kuhusu picha iliyopo sebuleni kwa shemeji: mto, daraja la mawe, kuba kubwa la kanisa, na chini jina Canaletto. Nilitaka kujua mji gani na nani kachora, maana Canaletto anayejulikana ni wa Venice, na pale si Venice.

Mji ni Dresden, Ujerumani, na mto ni Elbe. Aliyechora ni Bernardo Bellotto, mpwa wa Canaletto, mtoto wa dada yake. Alifundishwa kazi na mjomba, naye akalitumia jina hilo hilo.

Aliyesema nikague mnara wa kulia, Mungu akubariki! Umezungukwa na mirunda ya mafundi, mbao kwa mbao. Lile ni kanisa Katoliki la Hofkirche, lililoanza kujengwa 1739 na bado halijaisha Bellotto alipochora, 1748. Kuba la kushoto ni Frauenkirche. Liliporomoka Februari 1945 baada ya mabomu, likajengwa upya hadi 2005.

Ya shemeji ni chapa tu: kwenye kioo cha kukuzia vinaonekana vitone vya wino. Halisi iko makumbusho ya Gemäldegalerie Alte Meister, Dresden.

Kilichonigusa zaidi ni Warsaw. Bellotto alihamia huko baadaye, na baada ya Vita Kuu ya Pili Wapolandi walitumia picha zake kuujenga upya mji wao wa kale. Ahsanteni sana.