Tupeane uzoefu: vitoto vya sungura na mama yao kipindi hiki cha baridi

Mwanzisha mada, Njombe
Wakuu habari za sa hizi. Huku kwetu mwezi wa 6 ushaingia na wanaoijua Njombe wanaelewa, asubuhi unakuta sakitu imetanda kwenye majani. Ndo kipindi vitoto vya sungura vinakufa sana, na kinachoniuma ni watu kusema "mama kavikataa" wakati baridi ndo imevimaliza. Kitoto kinazaliwa uchi kabisa, macho yamefumba, na siku za mwanzo hakiwezi kujitunzia joto chenyewe, joto lake ni wenzake, manyoya ya mama na kiota kikavu basi. Mi boksi la kuzalia naliweka siku ya 28 tangu nimpandishe jike maana kuzaa ni kuanzia siku ya 30 mpaka 32 hivi. Urefu sm 45, upana sm 30, chini nimetoboa vitundu unyevu utoke. Natanguliza maranda ya mbao, yale makubwa sio unga wa mbao ule unawaingia puani, alafu nyasi kavu nyingi sana mpaka mama mwenyewe achimbe shimo lake humo. Nyie wenzangu mnafanyaje?

Makete
Mkuu umegusa penyewe. Mi naongezea manyoya. Jike hujinyonyoa manyoya yake kutandika kiota, ila wa uzao wa kwanza mara nyingi hanyonyoi ya kutosha, unakuta kaweka kidogo tu na vitoto viko wazi. Akishazaa manyoya ya tumboni yanakuwa yamelegea, ukimshika kwa upole yanatoka bila kumuumiza, unavifunika nayo. Na wale wanaonyonyoa mengi huwa nayachukua ya ziada nayahifadhi kwenye mfuko wa karatasi, yanakuja kusaidia wengine. Msiweke pamba wala nyuzi za sweta jamani, zinajisokota kwenye miguu ya vitoto mpaka damu inashindwa kupita.

Limuru
Hapa kwetu July ukungu hautoki hadi mchana na shida kubwa ni kupata kitoto kimelala nje ya boksi kwa waya wa sakafu asubuhi. Mama hunyonyesha mara moja au mbili kwa siku, dakika chache tu, sasa akiruka atoke na kuna kimoja bado kimeng'ang'ania titi kinatoka naye. Na sungura si paka, hatakibeba akirudishe. Mlango wa boksi lazima uwe na kizingiti cha kama sm 15 ndio kidondokee ndani. Lakini ukikipata kimepoa usikitupe haraka! Kinakuwa rangi ya kijivu, ngozi imekunjamana, hata ukikigusa hakisongi. Mimi hukiweka ndani ya sweta kifuani nikiendelea na kazi, polepole unaskia kamguu kanakukwaruza, rangi inarudi ile pinki, kinaanza kutafuta titi na mdomo. Hapo ndio unakirudisha katikati ya wenzake. Usikipe maziwa kikiwa baridi, tumbo haliwezi kuyasaga, pasha kwanza.

Mdau, Mbeya
Naomba kuuliza, mi nataka niwe nawawekea jiko la mkaa bandani usiku na nizungushie turubai pande zote, itasaidia?

Makete
Hapana ndugu yangu, tafadhali usifanye hivo. Mkaa ukiwaka sehemu iliyofungwa unatoa hewa yenye sumu ambayo huioni wala huisikii harufu, utaua banda zima na moto wenyewe uko karibu na nyasi kavu. Turubai funga upande unaotoka upepo tu, juu acha pawe wazi, maana ukifunga kote mkojo unatoa ile harufu kali inayochoma macho, baada ya hapo ni mafua na chafya kila siku. Sungura mkubwa baridi anaivumilia vizuri tu, asichoweza ni upepo na kulowa. Nguvu zako weka kwenye boksi.

Lushoto
Naona tumemsahau mama. Jike anayenyonyesha anakunywa maji mengi mno, na asubuhi yakiwa baridi sana anayagusa tu anaacha, maziwa yanapungua. Mi nawapelekea ya vuguvugu asubuhi na jioni na chakula naongeza. Majani yenye umande nayaanika kwanza. Alafu mpapaseni matiti, likiwa gumu na la moto na anakimbia vitoto, huyo anaumwa, mwite daktari wa mifugo mapema.

Kinangop
Mimi hupandisha majike wawili siku moja. Mmoja akizaa wengi na mwenzake wachache, nahamisha kabla hawajapita siku tatu, nawasugua na manyoya ya mama mpya washike harufu yake. Wakiwa wachache sana kwa boksi pia hawapati joto, kwa hivyo hata wawili watatu ni bora waungane na wengine.

Mwanzisha mada, Njombe
Asanteni sana wadau. Dada wa Limuru hilo la kizingiti naenda kuongeza ubao leo leo. Mi kila asubuhi naingiza mkono nihesabu, aliyeshiba tumbo limejaa na unaona maziwa meupe kupitia ngozi, na nyasi zilizolowa natoa hapo hapo. Macho yanafunguka siku ya 10 mpaka 12, lakini boksi siondoi mpaka wiki ya tatu iishe, usiku wanarudi humo wenyewe. Wa Mbeya, jike wako anazaa lini?

Mdau, Mbeya
Wiki ijayo mkuu. Jiko nimeacha, kesho naenda kwa fundi seremala kuchukua maranda.