Mrejesho: Kushuka Mto Nile kwa mtumbwi wa mpira, Jinja

Wakuu, niliuliza kama kikundi chetu kibebe nguo za kuzuia baridi, na kama asiyejua kuogelea anaruhusiwa. Tumesharudi salama, asanteni.

Baridi hakuna. Aliyesema Nile ya Jinja inatoka Ziwa Viktoria, si kwenye theluji, alipatia. Mkitaka maji ya barafu nendeni mto Mubuku, kule milima ya Rwenzori. Kilichotutesa sisi ni jua, mapaja yamebabuka hadi leo. Vaeni suruali ndefu nyepesi.

Wasiojua kuogelea walikubaliwa. Kwanza nahodha alitupindua makusudi penye maji tulivu, tukajifunza kuelea chali, miguu mbele, vidole juu, ili mwamba ukutane na soli badala ya kichwa. Akakaza mikanda ya majaketi ya kuokolea, mmoja mmoja, mpaka shemeji akalalamika hapumui. Nahodha akamjibu: "Ukipumua vizuri, shemeji, ujue imelegea!" Tulipopinduka kweli, shemeji huyohuyo, asiyejua hata kupiga mbizi, ndiye aliyeibuka wa kwanza, kasia mkononi. Waokoaji wa kayaki, vile vimtumbwi vyembamba vya mtu mmoja, walikuwa ubavuni tayari.

Maporomoko ya Itanda hatukuyashuka yote. Penye ubaya wenyewe tulitoka majini tukatembea ukingoni, na sikusikia mtu akibisha. Mliouliza kuhusu Bujagali: maporomoko yale yalizamishwa na bwawa lililozinduliwa 2012, na bwawa la Isimba, 2019, nalo likameza mengine.

Miwani ifungeni kamba. Yangu inaelekea Misri.