Mbio za timu kilomita 150: miguu inakata moto kabla ya Usa River, nifanyeje?

pedali_za_moshi:
Wakuu habari za humu. Niko Moshi, sio mchezaji wa kulipwa, naendesha kwa kupenda tu na kazini natoka saa kumi na moja jioni nikiwa hoi. Sasa tumejikusanya watu wanne tunataka kuingia mbio za timu za barabarani, kilomita 150, mnaanza pamoja na muda wa timu unahesabiwa mtu wa tatu akivuka mstari, yaani mmoja anaweza kuachwa njiani ila watatu lazima mfike. Tatizo ni mimi. Jumapili tukitoka alfajiri kwenda Arusha, ile mpando ya Kikafu napanda huku napiga stori, Boma Ng'ombe niko fresh, navuta mbele dakika tano sita bila shida, halafu tukishapita Kikatiti tunaisogelea Usa River miguu inakata moto ghafla, wala haiumi, ni kama hamna kitu ndani, mikono inatetemeka na kijasho cha baridi juu. Wenzangu wakija kugeuka nishaachwa mbali. Baiskeli ni ya mtumba ila iko vizuri. Asubuhi nakunywa chai ya rangi na chapati moja, njiani nina chupa moja ya maji, ndizi nakula tukifika. Imebaki miezi mitatu. Niongeze kilomita au? Na kupokezana mbele mnafanyaje nyie wazoefu?

dogo_sakina:
Ongeza kilomita mkuu hamna siri. Kila asubuhi Himo na kurudi, Jumapili Same na kurudi. Girmay, yule mwendesha baiskeli wa Eritrea, hakuchukua jezi ya kijani (ya pointi) Tour de France 2024 kwa kulala 😂

fundi_spoku:
Dogo acha kuua watu wa watu. Moshi Same na kurudi ni kilomita mia mbili na ushee, mtu anayeenda kazini Jumatatu atafika wapi? Na huyo Girmay kuendesha ndio kazi yake, akitoka barabarani analala, wewe ukitoka barabarani unakutana na bosi.

Mkuu mwenye mada, hiyo ni njaa, hamna kingine. Sukari mwili unayoihifadhi kwenye misuli na ini ikitumika kwa nguvu inakwenda saa moja na nusu mpaka mbili hivi, wewe unatoka Moshi mpaka karibu na Usa River unatumia muda gani? Ndio hapohapo. Halafu ile barabara inadanganya, Moshi iko kwenye mita mia nane na kitu na Arusha kama 1,400, kwa hiyo kuanzia njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA unapanda huku macho yanakwambia tambarare. Anza kula dakika ya thelathini, USISUBIRI NJAA. Lengo ni gramu 60 za wanga kwa saa, ndizi moja kubwa ina kama 25 au zaidi kidogo, na chupa ya maji ya robo tatu lita ukitia vijiko vinne vikubwa vya sukari na chumvi kidogo ushapata kama 50 nyingine. Beba chupa mbili. Na hiyo chapati moja ya asubuhi iongezee mwenzake, au piga uji mzito saa mbili kabla ya kutoka.

Mazoezi ni hivi, siku mbili katikati ya wiki panda njia ya Mweka, dakika nane kwa nguvu ambayo sentensi huimalizi, unapumzika dakika nne, unarudia mara nne, kushuka angalia breki maana watu na ng'ombe wanakatiza tu. Jumapili ndefu, mwendo wa kuongea, Mwanga na kurudi ni kama mia moja, unaongeza taratibu. Siku nyingine pumzika au zungusha miguu kilaini. Wiki ya mwisho kata nusu.

mama_gia:
Fundi kamaliza kwenye chakula, mimi niseme hapo uliposema unavuta dakika tano sita. Kaka hapo ndio unajimaliza. Aliye mbele ndiye anayepasua upepo, wa nyuma akikaa karibu na tairi la mwenzake anaokoa kama theluthi ya nguvu, sasa ukikaa mbele dakika sita kwa sababu unajisikia vizuri kilomita ya 20 unawalipia wenzako safari. Sisi tunavuta sekunde 20 mpaka 30 tu, aliyechoka anavuta kumi au anaruka zamu kabisa na hamna wa kumcheka. Kosa ninaloliona kila siku kwa wageni ni hili, mtu akifika mbele anaongeza spidi, nyuma kamba inakatika. Ukifika mbele shika spidi ileile uliyoikuta, ukimaliza zamu tikisa kiwiko, toka upande ule upepo unakotokea, legeza kidogo tu, na wa mwisho akilingana na bega lako anza kukanyaga KABLA hajakupita, ukichelewa hapo unatumia nguvu nyingi kufukuzia tairi kuliko ulizotumia mbele. Macho yasikae kwenye tairi la mbele, angalia kiuno cha mwenzako na barabara iliyo mbele yake. Breki usiguse, ukiona unamkaribia sana inua kifua upepo ukurudishe.

Fanyeni mazoezi ya hilo bypass ya Arusha mapema asubuhi, ila mkae mstari mmoja, malori hayana utani. Na aliye mbele apige kelele kila tuta.

mzee_wa_tengeru:
Vijana, hii staili sio ngeni. Olimpiki walikuwa nayo tangu 1960 mpaka 1992, watu wanne, kilomita 100. Helmeti vaeni.

pedali_za_moshi:
Shikamoo mzee. Fundi, mama_gia, nimewaelewa, Jumapili natoka na ndizi mfukoni na chupa mbili, wale wenzangu wataniona nimekuwa muuza genge. Swali moja limebaki: mwenzetu wa nne ana mwili mkubwa, tambarare anavuta balaa ila mpandoni anakufa, na njia ya mbio ina mpando mrefu kilomita ya 120 hivi. Tumsubiri au tumwache?

mama_gia:
Mwacheni, lakini mtumieni kwanza. Mpeni zamu ndefu kule tambarare, dakika nzima akiweza, nyie watatu mle na mpumzike nyuma yake, na zile kilomita mbili tatu kabla ya mpando avute mpaka amalize alichonacho halafu atoke pembeni. Kazi yake imeisha hapo. Ila mkubaliane naye wiki hii mkiwa mmekaa, asije akayajua barabarani.