Kuitafuta njia kwenye mgongo wa Nyandarua wakati wa ukungu

Mkazi wa Roysambu aliuliza:

Salaam kwenu nyote. Ninatayarisha safari ya kundi dogo la wafanyakazi wenzangu wa hapa Nairobi, ambao wameshazoea vilima vya Ngong na sasa wanataka kutembea juu ya mgongo wa milima ya Nyandarua, kuanzia Njabini hadi Elephant Hill na, hali ikiruhusu, kuendelea hadi kilele cha Kinangop chenye mita 3,906. Kupanda hadi Elephant Hill hakunitii wasiwasi, kwa kuwa njia ya ndani ya mianzi imekanyagwa vya kutosha. Kinachonisumbua ni sehemu inayofuata, ambako njia hupotea katika vishungi vya nyasi na ukungu hufunga hata usimwone mwenzako aliye mbele yako. Nimepakua katika simu rekodi za njia za watu watatu waliopita huko, na kila moja inapita mahali pake. Je, nifuate ipi? Na je, ramani ya karatasi bado ina kazi ikiwa simu inajua nilipo?

Mpenda Ramani alijibu:

Ndugu yangu, usifuate hata moja kati ya hizo kana kwamba ni barabara. Kila kundi huzunguka kinamasi kwa upande lililoona unafaa siku ile, na ndiyo maana rekodi hazilingani. Soma umbo la mlima badala ya nyayo za watu.

Mgongo wa Nyandarua unaelekea kusini na kaskazini, na pande zake mbili hazifanani hata kidogo. Upande wa magharibi ardhi inaporomoka ghafla kuelekea uwanda wa Kinangop, kwa kuwa milima hii ni sehemu ya ukuta wa mashariki wa Bonde la Ufa. Upande wa mashariki inateremka polepole, kwa mabonde marefu yenye msitu, hadi kwenye mito inayoulisha Mto Tana. Kwa hiyo unapokwenda kaskazini ndani ya ukungu, maadamu mteremko mkali uko mkono wako wa kushoto, bado uko mgongoni. Ardhi ikianza kulainika na kukuvuta kulia, simama, kwa sababu huenda umeshaingia kwenye ubavu wa mashariki, na ubavu wa namna hiyo unaweza kukuongoza mbali sana huku ukidhani kwamba ndio mgongo wenyewe.

Ramani ya karatasi ina kazi kubwa. Tafuta ile ya kipimo cha 1:50,000 ya Idara ya Upimaji, ambayo ofisi zake ziko Ruaraka, kando ya Barabara ya Thika. Hata hivyo, kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawaelezwi: ramani hizo zimechorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, ilhali simu hutumia WGS84. Ukizisoma namba za mahali kwenye simu na kuziweka moja kwa moja juu ya ramani, alama yako itaangukia takriban mita 300 kusini mwa pale uliposimama. Juu ya mgongo wenyewe tofauti hiyo haina madhara makubwa, maana inakusogeza mbele au nyuma katika mstari uleule. Lakini unapotafuta ubavu wa kushukia, mita 300 zinaweza kuwa ubavu mwingine kabisa. Badilisha msingi huo katika programu ya simu kabla ya kuondoka nyumbani, kisha uuhakiki mahali unapopajua, kama vile makutano ya barabara pale Njabini. Dira haina usumbufu wa aina hiyo hapa kwetu, kwa kuwa kaskazini yake na kaskazini halisi hazitofautiani hata kwa nyuzi mbili.

Mwana wa Kinangop alijibu:

Nimekulia chini ya milima hii na ninaongoza wageni huko, kwa hiyo naomba niongeze yale ambayo ramani haiyaonyeshi.

La kwanza ni onyo. Watu hufundishwa kwamba aliyepotea aufuate mto hadi akutane na makazi. Katika Nyandarua ushauri huo unaweza kuua. Upande wa mashariki, Mto Karuru unaanguka jumla ya mita 273 kwa hatua tatu, na maporomoko ya Gura yanautazama kutoka ng'ambo ya bonde. Vijito vidogo navyo vimechimba makorongo yenye kuta telezi, ambayo ukishaingia huwezi kupanda tena. Lililo salama ni kurudi juu mgongoni na kutafuta njia uliyokuja nayo.

La pili ni mianzi. Njia pana na safi ndani ya mianzi si lazima iwe ya watu, kwa kuwa tembo na nyati wana barabara zao, nazo huenda kwenye maji na malisho. Tazama mabua ya kandokando. Pale wanapopita watu utaona mabua yaliyokatwa kwa panga, mkato wake ukiwa wa mshazari na laini. Pale alipopita tembo bua limepasuka na kuning'inia kwa nyuzi, na matope yana alama za duara pana kuliko sahani. Ukikosa mikato ya panga kwa muda wa dakika chache, rudi hadi pale ulipouona wa mwisho.

Dira nayo ina namna yake ya kutumiwa huko juu. Vishungi vya nyasi hufika magotini na kati yake kuna maji, kwa hiyo mguu huchagua upande wa chini kila hatua bila mwenyewe kujua, hata kama anaikodolea dira macho. Mtume mwenzako mmoja mbele hadi anapokaribia kufifia katika ukungu, umwelekeze kwa sauti mpaka akae sawasawa kwenye mstari wa dira, kisha mfuateni alipo na mrudie. Ni kazi ya polepole na inachosha, lakini kundi halitengani.

Mwalimu wa Jiografia alijibu:

Kama kuna mwenye saa ya kupima mwinuko kwa mgandamizo wa hewa, ajue kwamba katika ukanda wetu wa ikweta mgandamizo hupanda hadi karibu saa nne asubuhi na kushuka hadi karibu saa kumi jioni, hata hali ya hewa ikiwa tulivu. Saa hiyo inaweza kukuongezea mita 20 au 30 alasiri ilhali hujasogea. Irekebishe kila unapofika mahali penye mwinuko unaojulikana. Kuhusu jua, vitabu vya Ulaya husema kwamba saa sita mchana liko kusini. Kwetu mwezi Juni liko kaskazini, Desemba kusini, na Machi na Septemba liko utosini, wala halikuonyeshi upande wowote.

Mkazi wa Roysambu aliandika:

Nawashukuru sana. Mwana wa Kinangop, ni saa ngapi ambapo wewe ungekataa kuendelea kutoka Elephant Hill?

Mwana wa Kinangop alijibu:

Saa nne asubuhi, na mapema zaidi ikiwa wingu limeshaanza kupanda kutoka bondeni. Jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima na giza huingia upesi, nami sipendi kuingia kwenye mianzi na kundi geni baada ya saa kumi. Kwa wenzako waliozoea Ngong tu, ningefanya Elephant Hill peke yake safari hii, kisha Kinangop siku nyingine kwa kulala hemani. Vyovyote mtakavyoamua, pigeni simu mapema katika kituo cha misitu cha Njabini na mwombe askari wa kuwasindikiza, kwa sababu ya nyati.